Timu yetu imepanda Ligi Kuu na mie sina raha, naombeni ushauri

Pweza_Mkavu:
Asalam aleykum wanajukwaa. Niko kaskazini Pemba, kijiji sikitaji maana nyie mna midomo. Timu yetu imeongoza Daraja la Kwanza huku Pemba na msimu ujao inaingia Ligi Kuu ya Zanzibar. Juzi hapa ilikuwa honi na ngoma mpaka usiku, mie mwenyewe nilikuwemo lakini roho nzito.

Sie huku tumezoea kushinda. Jumamosi baada ya laasiri kijiji kizima kiko kiwanjani, kuna wazee wanatoka msikitini na misala yao mkononi wanatandika nyuma ya goli la juu wanakaa hapo hapo mpaka maghrib, na mwamuzi akikosea wao ndo wa mwanzo kumtukana. Mechi ya mbali ni viwanja vya Finya au Gombani, huku huku Pemba, mnajipakia gari moja ya shamba mnarudi isha haijaadhiniwa. Sasa huko juu mechi nyingi ni Unguja, boti, pa kulala, kula, watu ishirini na kitu, halafu unakutana na KMKM, JKU, KVZ, Zimamoto, timu za vikosi vya serikali, watu wameajiriwa na mshahara kila mwezi, na beki wetu wa kati anapasua kuni. Tutapigwa kila wiki halafu tushuke tuzomewe.

Swali langu, bora ubaki chini unashinda au upande ukateseke? Na kama timu haijiwezi, nafasi yenyewe haiwezi kutumika kwa njia nyengine?

Gooner wa Mtambwe:
Kaka umeuliza swali ambalo dunia nzima wanalia nalo. Uingereza 2024 walipanda Leicester, Ipswich na Southampton, 2025 wote watatu wakateremka, Southampton kamaliza msimu na pointi 12, DUA zote zile pointi 12!! Mwaka wa kabla yake Luton, Burnley na Sheffield United hivo hivo. Na Luton ndo wa kulia zaidi, kapanda 2023, kashuka 2024, akashuka tena 2025 akajikuta ligi ya tatu, yaani kapita juu kama mtu aliekwenda kuchukua viatu vyake. Lakini muulize shabiki wa Luton kama anajuta, atakwambia hajuti. Wigan walibeba Kombe la FA 2013 wakamfunga Man City, siku tatu mbele wakashuka daraja. Mie ningechukua ile fainali kesho asubuhi. Arsenal ingekuwa na hata...

Kahawa Chungu:
Gooner naomba uishie hapo hapo kabla hujaanza

Mama Sambusa:
Mwanangu Pweza mpira wa madaraja siujui lakini njaa ya wachezaji naijua. Nimewahi kuwapikia timu moja ya shamba ikienda mjini, siitaji, kiongozi kaniletea kilo sita za mchele kwa vijana ishirini na tano na dagaa, nikamuuliza hawa wanakwenda kucheza au wanakwenda kufunga sunna? Kipindi cha pili vijana wakawa wanashika kiuno. Kama hamna cha kuwapa kula wasipande, msiwatese watoto wa watu. Ila Januari 2025 Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, walipomfunga Burkina Faso fainali ya Kombe la Mapinduzi pale Gombani, mie nilikuwepo na ndoo zangu mbili za sambusa, zimekwisha mpira haujaanza. Mpira mkubwa ukija Pemba kila mtu anakula, na hilo mulitie kwenye hesabu.

Mzee wa Nane Bora:
Tatizo mliua utaratibu wa zamani. Ule wa Pemba na ligi yake na Unguja na ligi yake, halafu wanne huku wanne kule wanakutana nane bora, gharama zilikuwa zinabebeka. Na msijidanganye kwamba Pemba haiwezi, Super Falcon kabeba ubingwa wa Zanzibar 2012, Jamhuri ya Wete kabla yake. Nakumbuka miaka hio sie tukitoka Chake kwa miguu kwenda Gombani kuna jamaa mmoja alikuwa na redio kaifunga kwa mpira wa baiskeli akiitia begani, mpira anautazama kwa macho na bado anausikiliza redioni, ukimuuliza anasema anataka kuhakikisha.

Kahawa Chungu:
😂😂 Mzee umenimaliza.
Turudi kwa mleta mada. "Nafasi yenyewe haiwezi kutumika kwa njia nyengine", sentensi hii mmeipita wote. Njia gani hio yakhe? Na weye nani katika timu?

Pweza_Mkavu:
Mie mwanachama tu kama wengine. Nimeuliza kwa jumla.

Kahawa Chungu:
Mwanachama tu na unajua idadi ya watu wa kupanda boti na pa kulala. Sawa.

Ubaruku Original:
Habari za huko visiwani. Mimi natokea Mbarali, Mbeya, ngoja niwape ya kwetu. Ihefu walikuwa wa kwetu, walipanda wakashuka, wakapanda tena, tarehe 29 Novemba 2022 Yanga akaja pale Highland Estates na mechi zake 49 hajafungwa, akala mbili moja. Siku ile watu wazima walilia. Msimu huo tulianza tukihangaika sana tu lakini ile siku haifutiki. Halafu timu ikahamia Singida, 2024 ikabadilishwa jina ikawa Singida Black Stars, inafanya vizuri, inanunua wachezaji, mimi inanihusu nini? Kushuka daraja mnapanda tena mwakani. Timu ikiondoka na gari ndo imeondoka. Kwa hiyo huyu ndugu kama "njia nyingine" ni hiyo aseme mapema.

Pweza_Mkavu:
Nani kasema kuuza jamani

Kahawa Chungu:
Hakuna aliesema kuuza. Weye ndo umesema sasa hivi.

Ustadh Kipenga:
Subhanallah. Pweza, sema kweli upate kusaidiwa.

Pweza_Mkavu:
Haya. Mie ni katibu. Kuna bwana yuko Unguja ana timu yake, ana pesa, anataka kuingia Ligi Kuu bila ya kupita chini. Kasema atachukua nafasi yetu, atatulipa milioni 12, jina la timu letu libaki kwa msimu mmoja halafu abadilishe. Sie tutaanza upya huku chini na pesa tunazo, tununue jezi, mipira, tutie nyasi kiwanjani. Hilo ndo nnaloomba ushauri. Msinihukumu.

Mama Sambusa:
Wanachama wanajua?

Pweza_Mkavu:
Mwenyekiti anajua.

Mama Sambusa:
Sikuuliza mwenyekiti mwanangu. Wale wazee wa misala nyuma ya goli wanajua?

Pweza_Mkavu:
Watajulishwa kikao kikifika.

Detective wa Darajani:
Swali dogo, huyo bwana ameshatoa chochote?

Pweza_Mkavu:
Katoa kishika mkono milioni 3. Na kabla hamjaanza kunirushia mawe nisikilizeni, sijala hata shilingi. Mchezaji wetu alivunjika goti mechi ya ugenini, nani alimpeleka Unguja? Katibu. Deni la jezi la dukani, nani alikuwa anapigiwa simu usiku? Katibu. Wanachama wa kushangilia wapo mia tatu wa kuchanga wapo saba. Mwezi wa tano tulipoitisha mchango wa mechi za mwisho watu wanakuja na pishi ya karafuu badala ya pesa, tukaanika ua wa skuli, nimekaa mie na wanangu nachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ilipouzwa haikutosha hata mafuta ya gari. Leo mnanambia amana. Na hata tukipanda, mfungaji wetu kikosi kimoja kimeshamuita kwenye majaribio, akipata ajira na mshahara atacheza kwetu kwa kupenda jua? Mtoto ana mama yake. Kwa hio tutapanda bila ya mfungaji, tutapigwa, tutashuka, na milioni 12 hatuna. Sasa nani mjinga?

Ustadh Kipenga:
Hoja ya mfungaji ina uzito, wallahi hii ndo inayoziua timu za uraiani Zanzibar, kijana akichipukia tu anavishwa magwanda na huwezi kumlaumu. Lakini kitu cha watu mia tatu hakiuzwi na watu wawili. Hio milioni 3 umeipokea kwa niaba ya nani? Irudishe, itisha kikao, wakikubali uza kwa uwazi, na nenda ofisi ya ZFF, shirikisho la mpira la Zanzibar, ukaulize kanuni inaruhusu au hairuhusu kabla hujaandikishana na mtu.

Gooner wa Mtambwe:
Ila Mlandege si timu ya kikosi na kachukua Mapinduzi 2023 na 2024, ile ya pili kamfunga Simba fainali moja bila. Inawezekana.

Kahawa Chungu:
Mlandege wako mjini, boti ya kwenda kucheza Amaan hawapandi. Tulinganishe vinavyolingana.

Detective wa Darajani:
Samahanini narudisha uzi nyuma. Pweza anasema MWEZI WA TANO watu wameleta karafuu wameanika ua wa skuli, na yeye na wanawe wakachambua makonyo. Watu wa Pemba mlio humu nisaidieni, mwezi wa tano si masika hayo? Mvua inanyesha mpaka kuku wanasinzia, nani anachuma karafuu, na anaanikia jua gani? Na makonyo unachambua karafuu ikiwa mbichi, kabla hujaanika. Jamani hii CHAI. Huyu yuko Kariakoo anatufanyia utafiti.

Mzee wa Nane Bora:
Hapo detective kapatia. Masika hakuna karafuu.

Kahawa Chungu:
Chai ya rangi, haina hata tangawizi 😂😂

Pweza_Mkavu:
Sijasema zilichumwa mwezi wa tano. Zilikuwa za ndani, za msimu uliopita, zimeshika unyevu tukazipiga jua siku mbili tatu lilipotoka. Makonyo yalikuwa yamo kwa sababu watu walileta zilizochambuliwa ovyo. Mtu hajawahi kuishika karafuu anakuja kunambia mie karafuu.

Detective wa Darajani:
Za ndani?? Kijiji kizima kina karafuu ndani mpaka masika na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, wapo wanangoja mzigo? Zilikuwa zinangoja nini?

Kahawa Chungu:
Zilikuwa zinangoja upepo mzuri wa kwenda Shimoni, Kenya

Gooner wa Mtambwe:
😂😂😂😂 uzi wa mpira umekuwa uzi wa magendo

Mama Sambusa:
Nyie mnacheka, kuna mtu atalala ndani kwa ajili ya uzi. Pweza mwanangu futa hio ya karafuu.

Pweza_Mkavu:
Sifuti kitu. Pishi moja moja mtu kaekea kufungia harusi ya mwanawe mnaita magendo. Nimekuja kuuliza mpira.

Ubaruku Original:
Mimi chai au si chai naomba tu ajibu moja. Ile milioni 3 ipo au imetumika?

Kahawa Chungu:
Saa nzima sasa. Anaonekana yumo mtandaoni lakini hajibu.

Pweza_Mkavu:
Imebaki laki nane. Kikao Ijumaa baada ya sala. Mwenyekiti anasema tuwaambie wanachama huyo bwana ni mdhamini.

Ustadh Kipenga:
Usithubutu. Sheikh hio usithubutu.

Mama Sambusa:
Ijumaa sema ukweli mapema kabla yeye hajasimama. Na nenda na daftari la goti na jezi, kila risiti uliyonayo.

Mgeni_Kusini:
Poleni nimechelewa uzi. Katibu, kikao kikikataa, namba ya huyo bwana wa Unguja naomba inbox. Sie tumebaki Ligi Kuu kwa tundu la sindano na boti hatupandi sana.