Mbwa wangu anapata shida kuinuka: ni uzee au ni ugonjwa?

Mwenye swali
Nina mbwa jike wa aina ya Labrador mwenye umri wa miaka 9. Siku hizi, akilala kwa muda mrefu hupata shida kuinuka: hutanguliza miguu ya mbele, hujikokota, kisha baada ya hatua kadhaa huchangamka na kutembea kama kawaida. Halii, anakula vizuri, na amenenepa kidogo. Jamaa zangu wanasema ni uzee tu. Je, nimpe dawa ya maumivu ninayotumia mwenyewe, au nimwache apumzike?

Mfugaji wa siku nyingi
Ndugu, uzee peke yake haumzuii mbwa kuinuka. Kinachomzuia ni maumivu au udhaifu, na vyote viwili vina chanzo. Kukakamaa baada ya kulala na kulegea anapoanza kutembea ni dalili ya kawaida ya yabisi ya viungo, ambapo gegedu linalofunika ncha za mifupa hulika na kiungo huvimba kwa ndani. Kwa Labrador, mara nyingi huanzia kwenye nyonga au kiwiko ambacho hakikukaa sawasawa tangu utotoni, au kwenye kano ya goti iliyochanika.

Usitegemee kilio, kwa kuwa mbwa wengi huugulia kimya. Mtazame anapokaa: mwenye goti bovu mara nyingi hunyoosha mguu mmoja kando badala ya kuukunja chini ya mwili, ilhali mwenye nyonga mbovu huenda akakimbia kwa kurusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, kama sungura. Kisha shika kucha za nyuma uzikague. Zikiwa zimelika upande wa juu, ujue anaburuta nyayo, na hapo huenda tatizo liko kwenye uti wa mgongo au mishipa ya fahamu, wala si kwenye kiungo. Daktari wa mifugo atamkagua kiungo kimoja kimoja, atampiga eksirei, na pengine atapima damu, maana magonjwa yaletwayo na kupe nayo husababisha kuchechemea. Miguu ya nyuma ikiishiwa nguvu ghafla, au akishindwa kuzuia mkojo, mpeleke saa hiyohiyo.

Msaidizi wa kliniki ya mifugo
Nakuomba kwa dhati usimpe dawa yako. Ibuprofeni huweza kumtoboa mbwa vidonda vya tumbo vinavyovuja damu na kuharibu figo zake, na parasetamoli ikizidi huharibu ini. Zipo dawa zinazotolewa kwa mbwa, kama meloksikamu na kaprofeni, lakini daktari huzipima kwa uzito wa mwili na hazichanganywi na dawa za jamii ya steroidi. Kuhusu kupumzika, mbwa mwenye yabisi akilazwa siku nzima misuli hunywea na kiungo hukosa wa kukishikilia, kwa hiyo matembezi mafupi ya mara kwa mara humfaa kuliko moja refu. Ila goti likiwa limechanika mambo ni mengine, ndiyo maana uchunguzi hutangulia.

Mwenye swali
Nawashukuru sana. Dawa sitampa, na nitampeleka kwa daktari. Je, huo unene kidogo una madhara kweli?

Mfugaji wa siku nyingi
Unayo, tena makubwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote, nusu yao wakila robo pungufu ya wenzao. Waliokula kidogo waliishi takriban miaka 2 zaidi, na yabisi iliwachelewa. Pitisha viganja vyako ubavuni mwake bila kukandamiza: ukilazimika kuzitafuta mbavu, amezidi uzito. Mpunguzie chakula taratibu kwa kipimo cha daktari, uhesabu na vile vipande anavyopewa mezani, na utandike mikeka pale sakafu inapoteleza, hasa mahali anapolala na kuinukia.