Naomba ushauri: ana miezi 18, anaelewa kila kitu ila maneno hayaji

Habari zenu wazazi wenzangu. Kila mwezi huwa naandika kwenye daftari mambo mapya ya binti yangu. Mwezi huu nimeandika mengi: anapanda kochi mwenyewe, anajilisha kwa kijiko, na nikimwambia "lete kiatu cha baba" analeta hichohicho, hakosei. Uzito hauongezeki kwa kasi kama alipokuwa mchanga, lakini najua baada ya mwaka wa kwanza ndivyo inavyokuwa.

Kinachoninyima usingizi ni kusema. Ana "mama" na "mma" ya maji, basi. Akitaka kitu ananishika kidole, ananivuta hadi kilipo, anakionyesha, kisha ananitazama usoni kama nimemwelewa. Kwa umri huu wengi hujaribu maneno matatu au zaidi, ukiacha mama na baba. Ndugu wananiambia nitulie, kila mtoto na wakati wake. Huenda ni kweli, ila ameugua masikio mara kwa mara, na majimaji yakibaki ndani ya sikio mtoto husikia kwa shida. Kungoja tu bila kupima naona si sawa.

Waliopitia hili, mlianzia wapi: daktari wa masikio au mtaalamu wa lugha na matamshi? Mtoto mdogo hivi, asiyeweza kusema "nimesikia", hupimwaje? Na nyumbani, ni kitu gani hasa kiliwasaidia watoto wenu? Nitashukuru sana.