Nimeitwa kamati ya takwimu ya jiji, nikubali?

Mama Mapacha:
Habari zenu wakuu. Niko Marekani, watoto wangu wanasoma shule ya umma. Jiji letu limeunda kamati ya wakazi, eti tushauri namna takwimu za watu weusi na wahamiaji zinavyokusanywa na kutumiwa. Kikao cha kwanza tulioneshwa chati zilizokwisha kuchapwa, za rangi kabisa, tukaombwa "maoni", tukapewa soda. Hivi kuna mahali wananchi walishawahi kuzuia kitu, au sisi ni mapambo ya ripoti?

Fundi Jedwali:
Wapo, dada. Soma habari za St. Paul, Minnesota. Mwaka 2018 jiji, kaunti ya Ramsey na shule za umma walikubaliana kuunganisha kumbukumbu za watoto, ili kompyuta ikisie nani yuko hatarini. Wazazi wakaja juu: alama ya mwanangu ataiona nani? Polisi wamo? Na ukumbuke, jimboni humo watoto weusi walikuwa wakisimamishwa masomo kupita wenzao. Mashine ingezichukua adhabu zile zile na kuziita hatari, na mtoto angebaki na doa hilo bila hata kujua lilitoka wapi. Mapema 2019 makubaliano yakavunjwa. Waliwahi, mfumo haujaanza kazi. Kwa hiyo usihangaike na chati. Dai rasimu za mikataba kabla hazijasainiwa.

Mzee wa Sensa:
Naunga mkono, ila fomu nazo msizidharau. Sensa ya 2020 iliwahesabu watu weusi pungufu kwa asilimia 3.3, Wazungu wasio Walatino (wasio na asili ya Amerika ya Kilatini) ikawahesabu zaidi kwa asilimia 1.64. Na fedha za serikali hugawanywa kwa hesabu hizo hizo.

Kakakuona:
Kamati inasimama juu ya nini, mama, sheria au amri ya mtu? Amri ya Biden ya usawa wa rangi, namba 13985, ilitolewa Januari 2021 ikafutwa Januari 2025, kwa saini tu. Oakland, California, wana tume ya faragha tangu 2016, iko kwenye sheria ya jiji, na polisi hupeleka kwao mipango ya vifaa vya ufuatiliaji kabla baraza halijapiga kura. Yenu je?

Mama Mapacha:
Barua ya mwaliko inasema "kwa ridhaa ya meya". Basi nakubali, na kikao kijacho naomba mkataba wa shule na polisi. Wakininyima, nataka wanyime kwa maandishi.