Naombeni ushauri: Nilikuja chuo niwe mtangazaji, naambiwa nihamie utayarishaji

Mwiko Maiki

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Nipo mwaka wa kwanza, nasomea utangazaji na utayarishaji wa vipindi vya redio. Mwezi ujao tunachagua mkondo: ama utangazaji, ama utayarishaji. Mimi ndoto yangu ni maiki tangu utotoni, nilikuwa natangaza mpira kwa mwiko hadi nafukuzwa jikoni.

Balaa lilianzia kwenye zoezi la kwenda hewani redio ya chuo. Wimbo ukaisha, nikafungua mdomo, nikasalimia wasikilizaji vizuri kabisa, na tabasamu juu. Hakuna aliyenisikia. Feda ya maiki, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, ilikuwa chini. Sekunde 11 za ukimya! Nilipoipandisha nikataja saa, na yenyewe nikaikosea.

Baadaye mwalimu wa vitendo akaniita pembeni. Akasema sauti yangu ni nyembamba, ila kwenye kuhariri nina mkono kuliko wenzangu wote, hivyo nihamie huko. Sijui nasifiwa au nafukuzwa kwa adabu. Siku hizi najilazimisha kuongea kwa sauti nzito, ikifika jioni koo linawaka.

Walio kwenye fani nisaidieni. Nawasilisha.

Mzee wa Feda

Marahaba kijana. Kwanza kabisa acha kulikaba koo lako. Nimewaona wengi wanaoingia studio na sauti ya kuazima, nusu saa tu imeshakauka.

Halafu hii habari ya sauti nyembamba tuiangalie vizuri. Simu za mezani za zamani zilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu (hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde). Msingi wa sauti nzito ya mwanaume uko chini ya 200, yaani ule unene wenyewe haukupita kabisa, na bado ulimjua mjomba wako alipopiga na ukaelewa kila alichosema. Kinachobeba maneno ni konsonanti. Kwa hiyo usihangaike na unene, hangaika na miisho ya maneno, maana wanafunzi wengi wanaimeza.

Besi kidogo ukiitaka, maiki nyingi za studio zinakupa bure ukizisogelea. Kaa umbali wa shibiri moja, mdomo uuelekeze pembeni kidogo ya maiki, hapo zile "p" na "b" zako hazitapiga kama mtu anayegonga mlango. Ongea kama unavyoongea na mtu mmoja aliye mbele yako.

Sekunde 11 nisikudanganye, ni nyingi. Lakini kila aliyekaa kwenye mitambo ana za kwake. Mimi niliwahi kuacha maiki wazi wimbo ukiwa hewani, na nilikuwa namsema bosi.

Chuo cha Nini

Mnapotezeana muda. Simu anayo, intaneti ipo, afungue podikasti aanze leo. Ada ya nini?

Dakika 58

@Chuo cha Nini podikasti ni nzuri, ila haina saa ukutani. Redio ya moja kwa moja ina saa, na taarifa ya habari haimsubiri mtu. Mfano, kipindi kinatakiwa kifunge dakika ya 58 kamili, na wimbo wako wa mwisho una dakika 3 na sekunde 42. Unaupiga saa ngapi? Unahesabu kurudi nyuma: dakika ya 54 na sekunde 18. Hapo mgeni bado anaongea, fundi anakuonyesha vidole, na wewe unatakiwa umkatishe mgeni bila kumvunjia heshima. Hiyo kitu haifundishwi na simu. Inafundishwa na kukosea mbele ya mtu anayekusahihisha, na wewe mleta uzi umeshaanza.

Dada Hewani

Mdogo wangu, mimi nilipita utayarishaji na leo natangaza. Usione kama mlango umefungwa. Kwenye vituo vingi, hasa vidogo, mtangazaji anaingia peke yake: maiki yeye, mikseta yeye, simu za wasikilizaji yeye, na akitoka ndiye anayekata vipande vya promo, yaani vya kutangaza vipindi vijavyo. Anayejua kuongea tu anamsumbua kila mtu.

Kitu kimoja ambacho utayarishaji ulinisaidia ni kupima maneno. Vitabu vya Kiingereza vinakwambia maneno matatu kwa sekunde. Ukiandika skripti ya Kiswahili kwa hesabu hiyo umeumia. "Hawakutuambia" kwetu ni neno moja, wao wanahitaji matano. Chukua ukurasa wako mwenyewe, usome kwa sauti huku unatazama saa, ujue kasi yako. Mimi mpaka leo nafanya hivyo kabla ya kila kipindi kipya.

Ila nami nakuuliza, huyo mwalimu alisema huna sauti, au alisema ni nyembamba? Hayo ni mambo mawili.

Mzee wa Feda

Dada kamaliza. Naongeza zoezi moja tu, kijana. Mtafute mtu yeyote anayependa kuongea, umrekodi dakika 10. Mita ya kupimia sauti isipande zaidi ya desibeli 6 chini ya sifuri, maana sauti ya kidijitali ikigonga sifuri inapasuka na hakuna wa kuishona. Kabla hamjaondoka, mwambie anyamaze, rekodi chumba kitupu nusu dakika. Utacheka, lakini ukimya wa chumba ndio unaozibia viraka ulipokata maneno. Kila chumba kina ukimya wake, na ukiweka wa chumba kingine msikilizaji anashtuka bila kujua kwa nini.

Kisha hizo 10 zikate zibaki 2, na mwenyewe akisikiliza aape hajakatwa. Mwisho andika utangulizi wa sekunde 20, uusome wewe. Utuambie ni sehemu gani uliifanya hadi ukasahau kula.

Mwiko Maiki

Wakuu, mrejesho. Nimemrekodi mlinzi wa hosteli, yule haishiwi maneno. Nilianza kuhariri baada ya masomo ya jioni, nikaja kushtuka taa za korido zinazimwa. Zimebaki dakika 2 na sekunde 6. Utangulizi nilirudia mara 19, ule wa mwisho sikubana koo, na ndio pekee unaosikilizika.

@Dada Hewani nilirudi kumuuliza mwalimu. Kasema "nyembamba", hakusema "huna". Nimejaza fomu ya utayarishaji, na nimeomba zamu ya Jumamosi hewani, amekubali.

Sasa mlinzi mwenyewe nimemsikilizisha. Hakugundua nilipomkata, ila kaniuliza mbona anasikika kama anakimbizwa. Kumbe nilifuta na pumzi zake zote, nikidhani nasafisha. @Mzee wa Feda, pumzi nazirudisha zote au nachagua?

Mzee wa Feda

Chagua. Ya kabla ya sentensi mpya iache. Ile ya kabla ya kusema jambo zito usiiguse kabisa.