Naomba ushauri: Land Cruiser 200 ya 2008 au ya 2010?

Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Masasi. Nakusudia kununua Toyota Land Cruiser 200 ya petroli iliyotumika Japani, ila nimekwama kati ya ya 2008, yenye injini ya lita 4.7 na giaboksi ya gia 5, na ya 2010, iliyokwisha kuwekewa injini ya lita 4.6 na gia 6. Injini ya kwanza hutumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kwa vipindi, ilhali ya pili ina cheni. Hata hivyo mafundi niliowauliza hapa wanaisifu ya zamani, pengine kwa kuwa ndiyo waliyoizoea. Gari litapita barabara za vumbi hadi Liwale msimu wa korosho. Je, tofauti ya ulaji wa mafuta inastahili bei ya ziada? Na vipuri vya hiyo ya lita 4.6 hupatikana Mtwara mjini, au ni lazima viagizwe Dar es Salaam?