Sidingi (vibao vya kufunika ukuta kwa nje) inabadilishwa: povu jembamba chini yake linatosha, au niongeze hela?

MamaWatatu: Habari zenu wadau, naombeni ushauri. Nyumba yetu iko Minneapolis, ilijengwa 1974, kuta za mbao za inchi 2 kwa 4. Mvua ya mawe ilitoboa sidingi na bima inalipia mpya. Kinachoniumiza ni chumba cha watoto, upande wa kaskazini. Januari nje ilifika -29°C. Nikafungua kabati, gauni la binti yangu limegandia ukutani, na vichwa vya misumari vimeota barafu kama chembe za chumvi. Fundi anataka kuweka povu la robo inchi (bodi nyepesi za kuzuia baridi) chini ya sidingi, anasema nyumba itapata joto. Povu nene nilipie mwenyewe. Nilipe au napigwa?

FundiMbao: Dada, robo inchi kazi yake ni kusawazisha ukuta ili sidingi ilale vizuri. R yake, yaani kipimo cha kuzuia joto lisitoroke, ni kama 1 tu. Hiyo misumari imeshakueleza tatizo: imepigiliwa kwenye nguzo, na nguzo hazina pamba ya kuzuia baridi, kwa hiyo joto linatorokea hapo kila baada ya inchi 16. Povu la nje linafunika nguzo na pamba kwa pamoja. Huko kwenu lenga R-7.5 au zaidi. XPS (aina ya povu gumu la bodi) ina R-5 kwa inchi, kwa hiyo inchi moja na nusu. Likiwa jembamba, plaiwudi inabaki baridi, mvuke wa ndani unaigandia na mbao zinaoza.

Mpwani_StPaul: Kabla ya kununua, angalia kama nyuma ya jipsamu kuna nailoni. Ikiwepo, ukiweka povu nje unyevu unakosa pa kutokea. Hapo chukua bodi za pamba ya mawe (nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa), zinapitisha mvuke. Halafu siku ya upepo washa udi, upitishe karibu na soketi na kwenye kingo za dirisha. Moshi ukipinda, ziba kwanza. Na darini umepanda? Mimi nilianzia huko, hita ikapumzika.

FundiMbao: Hilo la nailoni ni kweli, nilipaswa kuliuliza. Na ukuta ukinenepa, fremu za madirisha lazima ziongezwe na mabati ya kuzuia maji yawekwe upya. Fundi asiyetaja hilo usimpe kazi.

MamaWatatu: Asanteni sana. Leo fundi ametoa sidingi kidogo akakata tundu kwenye plaiwudi. Pamba imeshuka kama soksi iliyolegea, juu pamebaki wazi karibu shibiri nzima. Nailoni ipo. Nimeomba bei ya kujazia selulosi (nyuzi za karatasi) humo, kisha pamba ya mawe ya inchi 2 nje. Skrubu ziwe ndefu kiasi gani?

FundiMbao: Jumlisha: pamba 2, fito za kushikilia sidingi robo tatu, plaiwudi nusu, na iingie kwenye nguzo inchi moja na robo. Inchi nne na nusu. Sidingi yenyewe isikazwe sana, ikiwa ya vinili (plastiki) hutanuka jua likiwaka.