Kodi ya gari ipimwe kwa cc au kwa nguvu za farasi? Tujadili

MzigoMzito
Wakuu, habari za jioni. Hili linanikera siku nyingi. Ukiingiza gari nchini, ushuru wa bidhaa unapangwa kwa cc, yaani ujazo wa injini: mpaka 1000 hulipi, 1000 hadi 2000 asilimia 5, ukivuka 2000 asilimia 10. Sasa chukua Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, dizeli isiyo na turbo (kile kifaa cha kushindilia hewa kwenye injini). Ina cc 4164 na farasi 130 hivi. Weka pembeni yake Subaru Forester ya turbo, cc 1994, farasi 220. Mkonga anapigwa 10, Forester 5. Yaani anayetambaa anatozwa mara mbili ya anayepaa! Cc ni ukubwa wa tumbo tu, haisemi mtu anafanya kazi gani. Tulipe kwa nguvu, maana nguvu ndiyo inayotafuna barabara na kumaliza watu. Wenye IST na Vitz mtulie, nyie hamna farasi, mna punda. Karibuni.

IST_Nyeusi
Mada nzuri umeiharibu kwa mstari wa mwisho. Punda nani? IST yangu ina injini ya 1NZ, cc 1496, farasi 109. Mkonga wako una 130 na unabeba zaidi ya tani mbili kabla hujapanda wewe. Mimi tani moja na kidogo. Gawanya mwenyewe halafu urudi hapa uombe radhi.

MzigoMzito
Wangu? Sina mkonga, nimesema unaonewa. Na hizo 109 zilikuwepo ikiwa mpya Japani. Leo nusu yake imeshazikwa.

FundiGerezani
Nusu hapana, mkuu. Injini ikipoteza nusu hata kutoka sheli ni kusukumwa. Iliyochoka kompresheni inapungua, sawa, lakini msizidishe.
Halafu mnazungumza farasi kana kwamba kuna kifaa kinawahesabu. Hakuna. Kinachopimwa ni toki, ile nguvu ya kuzungusha, pamoja na mizunguko kwa dakika. Farasi wanatoka kwenye hesabu. Toki kwa niutoni mita, zidisha kwa mizunguko, gawanya kwa 9549, unapata kilowati. Hiyo 1HZ ina toki 285 kwenye mizunguko 2200. Piga: kilowati 66 hapo. Kilele chake ni 96 kwenye 3800, na hapo toki imeshashuka kwenye 240. Injini hiyohiyo, namba mbili tofauti. Sasa serikali itoze ipi?

Sukari_Guru
Fundi, farasi mmoja si ni kunyanyua kilo 75 mita moja kwa sekunde moja? Mbona shuleni tulifundishwa ni ratili 33,000 futi moja kwa dakika?

Mwalimu_wa_Zamu
Yote mawili ni sawa. Ya ratili ni ya James Watt, inatoka wati 746. Ya kilo 75 ni ya kimetriki, wati 735.5, na ndiyo wanayoandika Wajapani. Ndiyo maana gari moja lina farasi 220 kwenye karatasi ya Japani na 217 kwenye ya Mwingereza. Na kwa taarifa yenu, farasi mzima akikurupuka kwa sekunde chache anatoa karibu farasi 15. Watt alikuwa anakadiria kazi ya kutwa.

IST_Nyeusi
Kwa hiyo farasi mmoja ana farasi 15, na mimi nina farasi saba halisi. Bado ni wengi kuliko punda wa MzigoMzito.

SubaruMtata
Nimesoma yote, nacheka tu. Forester yangu ni XT, turbo, otomatiki, haijaguswa na fundi yeyote. Nimepima kwa simu, sifuri mpaka mia sekunde 5 kamili. Msitupigie hesabu za ubaoni, njooni barabarani.

Mwalimu_wa_Zamu
SubaruMtata, tuipige hiyo hesabu ya ubaoni basi. Gari na dereva weka kilo 1,500. Kilomita 100 kwa saa ni mita 27.8 kwa sekunde. Nusu ya uzito mara spidi mara spidi ni kama joule 579,000. Gawanya kwa sekunde 5: kilowati 116, yaani farasi 157 kwa wastani, muda wote, hadi kwenye tairi, na upepo sijauhesabu. Farasi wako 220 ni wa kwenye injini. Gia, difu na mifumo ya magurudumu manne vikila asilimia 15, tairi inabaki na 187, tena kwenye kilele tu. Unaanzia mizunguko ya chini turbo haijaamka, otomatiki yako ina gia nne na kila inapobadili mizunguko inaporomoka. Wastani wa 157 kutoka kwenye kilele cha 187 hauwezekani hapo. Ungesema 7 na kitu ningenyamaza.
Na simu nyingi zinasoma setilaiti mara moja kwa sekunde. Kosa la sekunde moja mwanzoni na lingine mwishoni, umeshapata Ferrari ya bure.

SubaruMtata
Mwalimu, wewe unaendesha gari gani?

Mwalimu_wa_Zamu
Hesabu haijali.

SubaruMtata
Nimeuliza gari gani.

Sukari_Guru
Mwalimu jibu, na sisi tunataka kujua 😂

Mwalimu_wa_Zamu
Daladala. Haya, jibu hesabu.

SubaruMtata
Nilijua tu. Mtu anapanda daladala anakuja kunifundisha turbo. Nchi hii ina watu.

FundiGerezani
Mwenzio kakupigia hesabu, unamuuliza nauli. Ulipimia wapi?

SubaruMtata
Mbeya, barabara imenyooka, hakuna mteremko.

FundiGerezani
Mbeya ni mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15. Turbo yako inajitetea, inashindilia hewa, lakini na yenyewe inachoka. IST ikifika huko inabaki na farasi tisini na kitu. Kama pale ulipata 5, ukishuka Tanga utaondoka ardhini.

IST_Nyeusi
Mbona mimi tena? Nimekaa kimya!

MamaNeema
Mnabishana sekunde za vijana wa mjini. Njooni mlima Kitonga. Kichwa changu ni Scania ya farasi 420, na tela ekseli saba, tani 56 ikishiba. Farasi 420 wale waliogawanywa kwa tani 56 hawafiki hata wanane kwa tani. IST ana mia kwa tani. Lakini nani anapandisha saruji Kitonga? Kinachopandisha mlima ni toki. Langu lina 2100. Farasi ni mapambo ya karatasi.

SubaruMtata
Dada, haya mambo ya injini waachie mafundi.

MamaNeema
Dada? MamaNeema ni jina la lori, limeandikwa kwenye kioo cha mbele kwa herufi za manjano. Mimi ni mwanaume wa miaka 58 na nimeanza utingo wewe hujazaliwa. Koma.

Sukari_Guru
🤣🤣🤣 Nimeanguka kwenye kiti.

Mwalimu_wa_Zamu
Mzee MamaNeema, shikamoo. Nakubishia kwa heshima. Toki unaweza kuizidisha kwa gia kadiri upendavyo. Hata IST ukiifunga gia za kutosha itavuta tani 56, ila itafika kesho kutwa. Farasi huwezi kuwazidisha kwa gia. Wao ndio wanaosema utapanda kwa spidi gani. Tuseme mwinuko wa asilimia 6: kilo 56,000 mara 9.81 mara 0.06 ni niutoni 33,000. Farasi 420 ni wati 309,000. Gawanya: mita 9.4 kwa sekunde, kama kilomita 34 kwa saa. Toa msuguano wa matairi na gia, unabaki ishirini na kitu.

MamaNeema
Marahaba. Ishirini na kitu ndiyo ninayoiona kwenye dashibodi, hapo hujakosea. Lakini toki ikiwa ndogo injini inakufia katikati ya kona kabla hujapata hao farasi wako. Wewe kwenye daladala hujawahi kuona.

Mswahili_Ughaibuni
Jamani mturudie kwenye kodi. Uingereza walishajaribu kutoza kwa farasi, zamani sana. Fomula yao ilichukua kipenyo cha silinda, ikakipiga kwa chenyewe, mara idadi ya silinda, gawanya kwa 2.5. Urefu wa mwendo wa pistoni haukuhesabiwa. Matokeo? Wakatengeneza injini nyembamba ndefu, ilimradi kodi ishuke, mpaka ikafutwa miaka ya 1940. Ufaransa Citroën 2CV ilipewa jina la farasi wawili wa kodi wakati injini ilikuwa na kama tisa wa kweli. Na hizo 1496 na 1994 zenu si bahati. Japani kodi ya mwaka inapanda kila cc 500, ndiyo maana injini zinaishia nywele chache kabla ya 1500 na 2000. Namba yoyote utakayoitoza, kiwanda kitaikwepa.

IST_Nyeusi
Ughaibuni mnajua kila kitu isipokuwa bei ya mafuta huku.

SubaruMtata
Na Japani kuna sheria gari lisizidi farasi 280. Kwa hiyo wanaandika uongo. Hiyo hoja ya farasi imekufa.

Mswahili_Ughaibuni
Haikuwa sheria, yalikuwa makubaliano ya watengenezaji, yakaisha 2004. Ila ndiyo, kuna magari yaliyoandikwa 280 na kila mtu alijua yamezidi. Umesema kweli bila kukusudia.

SubaruMtata
Bila kukusudia ndiyo nini? Jieleze.

Bodaboda_Msomi
Naomba kuuliza, gari la umeme lina cc ngapi?

FundiGerezani
Sifuri.

Bodaboda_Msomi
Na kama lina farasi 400?

FundiGerezani
Sifuri bado. Hapo ndipo MzigoMzito ana hoja, ila yeye mwenyewe amepotea.

MzigoMzito
Sijapotea, niliwaacha mmalize matusi. Nashikilia palepale: nguvu inatafuna barabara, mwenye nguvu alipe.

Mwalimu_wa_Zamu
Nguvu haitafuni barabara, mkuu. Uzito wa ekseli ndio unaotafuna. Kuna majaribio makubwa Wamarekani waliyafanya Illinois kati ya 1958 na 1960, wakizungusha malori kwenye barabara usiku na mchana. Uharibifu ulionekana kupanda takriban kwa kipeo cha nne cha mzigo. Ekseli ya IST ni kama nusu tani, ya semi (lori lenye tela) tani 10. Mara 20. Ishirini kwa kipeo cha nne ni 160,000. Ekseli moja ya semi ikipita ni sawa na ekseli 160,000 za IST.

IST_Nyeusi
MWALIMU NAKUPA NG'OMBE. Laki moja na sitini elfu!

MzigoMzito
Basi narekebisha mada: tulipe kwa uzito. Cc futa, farasi futa, kila gari lipande mizani.

IST_Nyeusi
Naunga mkono mia kwa mia. Hapo umeongea kama mtu mzima.

MamaNeema
Subirini kwanza. Uzito? Mimi napanda mizani kuanzia Dar mpaka Tunduma, kila moja foleni. Tozo ya barabara nalipa kwenye kila lita ya dizeli, na hili linakunywa kuliko IST zenu mtaa mzima. Saruji ya nyumba yako, IST_Nyeusi, ilikuja kwa nini, kwa punda?

IST_Nyeusi
Mzee, tulikuwa tunaelewana.